Basi, Dengu

Walituletea mbwa saba siku ya Jumanne
kabla jua halijapanda ukuta wa mashariki:
wanne wa Barka, wawili wa jalalani Fanja,
na wa mwisho hakuna aliyejua katoka wapi.
Huyo ndiye nikapewa mimi.

Rangi yake ya dengu zilizoungua kidogo.
Sikio moja limeliwa na kitu, au na mtu.
Kwenye daftari la Shaushi Ghusein kaandikwa Raad, yaani radi.
Radi gani hii, inayojibanza chini ya kitanda
mlango wa chuma ukigongwa?
Nikamwita Dengu.

Sheria ya kwanza ya Bi Thuwaiba, mwalimu kutoka Salala:
usimpigie kelele. Ya pili: usimwongopee.
Ukisema njoo, uwe na kitu mkononi.
Nikacheka. Mimi niko hapa Samail kwa cheki tatu
nilizotia saini nikijua benki hamna kitu.
Ukisema njoo, uwe na kitu mkononi.
Usiku ule sikupata usingizi.

Najisi ilitugawa.
Mbaluchi wa chumba cha nne alihamisha godoro lake.
Sheikh wa Ijumaa akaulizwa, akajibu:
mate yana hukumu yake, na huruma ina yake.
Nikawa naosha, mara saba, moja kwa udongo,
udongo wa bondeni ninaouweka kwenye kopo la maziwa.
Sijapata kuwa na mikono safi namna hii
tangu nianze biashara.

Mbele za watu nilimfundisha kwa Kiarabu.
Akanitazama kama karani wa mahakama.
Hata usiku mmoja umeme ukakatika,
kiyoyozi kimya, mbwa anahema ulimi nje,
likanitoka la nyanya yangu, mzaliwa wa Wete:
"Keti, baba, keti. Utachoka."
Akaketi.

Toka hapo hatukurudi nyuma.
Keti. Ngoja. Lete. Shika njia.
Kiswahili chetu cha Maskati, chenye viraka,
tulichochekewa nacho shuleni,
kikapata kazi ya serikali.

Uwanja wa saruji mchana unakaanga yai.
Rafiqul wa Chitagongi, fundi cherehani,
akamshonea Dengu viatu vinne vya turubai.
Siku mbili akatembea kama bi harusi
aliyeazima viatu.

Mama alikuja Alhamisi.
"Mbwa?" Akakusanya buibui magotini.
"Baba yako angekuwa hai..." Hakumaliza.
Mwezi uliofuata, chini ya sambusa,
palikuwa na mfupa wa mbuzi, umefungwa vizuri.
Hakusema wa nani. Sikuuliza.

Miezi kumi na mmoja. Kisha akaja Bwana Sulayyim wa Izki,
kipofu, fundi wa redio.
Akalipapasa lile sikio lililoliwa, akasema:
"Eriali imekatika, lakini mawimbi anayashika."
Nikamtamkia maneno kumi na manne, akayarekodi.
Dengu akageuka mara moja getini.
Nilikuwa nimemwambia shika njia.
Akashika njia.

Wiki ya tatu, simu ofisini.
"Anaketi, anangoja, ananivusha barabara ya Nizwa.
Lakini nikitaka aache? Neno hilo hukunipa."
Nikatafuta. Kweli, sikuwahi kumwambia aache kitu.
"Mwambie basi."
"Basi? Hilo si letu?"
"Lenu, na letu."
Nikamsikia, mbali kidogo na simu: Basi, Dengu.
Halafu kucha zikikwaruza vigae,
halafu pumzi ndefu ya mnyama anayejilaza.

Shaushi akaonyesha saa. Nikarudisha simu.
Jioni ile niliosha mikono mara saba,
moja kwa udongo,
na mbwa hakuwepo.